Msichana wa barabara ya Sake

Msomaji wa Keshero, hapa Goma, ameniandikia hivi:

“Jambo mwalimu. Mimi ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria. Kila asubuhi kabla ya abiria kuanza, nakutana na msichana anakimbia kwenye barabara ya Sake, anaelekea upande wa Mugunga. Mvua inyeshe, vumbi lijae, yuko. Peke yake. Pale parkingi wenzangu wanabishana kutwa kuhusu Virunga na Kabasha, timu zetu za mpira, usiku ni timu za Ulaya. Nilipowaambia huyu dada ananivutia kuliko mshambuliaji yeyote, walinicheka wiki nzima, wakasema nimempenda. Mwalimu, si mapenzi, ni heshima. Naomba kujua mawili. Nitajuaje kama ni mzuri kweli, au ni bidii yake tu inayonigusa? Na mimi nisiye na hela ya kumnunulia hata viatu, nimfanyie nini?”

Jambo sana, ndugu yangu.

Una simu, unaamka kabla ya jua, na kila siku unamwona mkimbiaji yule yule. Nimeshika krono, saa ya kupimia mbio, mjini humu zaidi ya miaka thelathini, uwanjani na barabarani, na watu niliowaona wenye hayo matatu kwa pamoja nawahesabu kwa vidole. Hela tuiache kwanza. Viatu atanunua au ataazima. Anachokikosa mkimbiaji wa Goma mwaka hadi mwaka, na hakiazimiki, ni mtu wa kumwandikia saa zake, yaani muda aliotumia kukimbia.

Mchezaji wa Virunga akifunga goli Jumapili, watu wengi wameliona, na Jumatatu kila kinyozi wa Birere analisimulia upya kwa mikono na miguu. Goli hilo halihitaji karatasi. Mkimbiaji hana bahati hiyo. Akishamaliza mita 5,000, jasho linakauka, vumbi linatua, inabaki namba moja tu. Namba hiyo isipoandikwa siku ile ile, pamoja na mahali na majina ya walioshuhudia, mwaka ukipita hakuna atakayeweza kuapa kwamba alikimbia.

Haya nayasema kwa uchungu. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na kijana wa mita 800, mwembamba, mpole, jirani yangu huko Murara nilikokaa. Mzunguko tuliupima wenyewe kwa utepe wa chuma, tukauchora kwa chokaa. Jioni moja alikimbia, na wapima saa watatu tukabaki tunatazamana, kila mmoja akihofia krono yake imekwama. Tulipozilinganisha, zote tatu zilisema jambo moja. Niliandika kwenye daftari, tukatia saini. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu, Nyiragongo, ikapasuka, uji wa moto ukashuka katikati ya mji mpaka ziwani. Nilitoka na watoto, godoro moja na sufuria mbili. Madaftari yangu sita yalibaki juu ya kabati, na pale lilipokuwa kabati leo kuna mawe meusi marefu kunizidi. Baadaye yule kijana alipata watu wa kumpeleka kwenye mashindano nje ya nchi. Waliomba kitu kimoja: matokeo yaliyoandikwa. Sikuwa na karatasi. Saa yake ninayo kichwani hadi leo, na siitaji hapa, kwa sababu kichwa changu si ushahidi. Aliacha mbio. Siku hizi anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ana watoto wanne. Tukikutana tunasalimiana vizuri, jambo lile hatuligusi.

Basi swali lako la pili nalijibu hivi: kuwa daftari lake. Ukilifanya vizuri, la kwanza litajijibu lenyewe.

Ila kabla ya kalamu, ruhusa. Msichana anayekimbia peke yake alfajiri akisikia pikipiki inapunguza mwendo nyuma yake, hawazi kwamba amepata shabiki. Anawaza pa kukimbilia. Kwenye barabara hii, iliyoona mengi miaka hii, ana haki ya kuwaza hivyo. Usimfuate, usimpige picha, usiendeshe sambamba naye ukimpa hongera huku moshi wako unaingia kifuani mwake. Ulizia mtaani kama ana kocha au klabu, uende kwa huyo kocha. Kama hana, msubiri mchana, mahali penye watu, ukiwa na mama au dada yako, umwambie kama ulivyoniambia mimi: ni heshima. Akikataa, umeshajibiwa. Endelea kumpungia mkono kutoka upande wa pili wa barabara na mambo yaishie hapo.

Akikubali, tupime.

Usitegemee kilomita zinazoandikwa kwenye pikipiki. Zimetengenezwa kumhudumia dereva, na kwa mkimbiaji kosa la mita hamsini ni uongo mkubwa. Azima baiskeli. Pampu tairi la mbele mpaka liwe gumu, weka alama ya chaki, kisha panda juu yake, kwa sababu uzito wako unalibonyeza tairi na kufupisha mzunguko. Nenda mizunguko kumi kamili kwenye lami iliyonyooka, upime umbali huo kwa utepe wa fundi seremala. Tuseme umepata mita 21: kila mzunguko ni mita 2.1, na kilomita moja ni mizunguko 476 na chembe. Sasa nenda barabarani uhesabu, taratibu, ukifuata njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji angepita, yaani ukate kona kama anavyozikata yeye. Wanaopima njia za mbio za kimataifa nao hutumia baiskeli, yenye kihesabio kidogo kwenye gurudumu la mbele, na huongeza mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa pungufu. Kwenye marathoni ya kilomita 42.195 hiyo ni karibu mita 42 za ziada. Nawe ongeza. Bora njia imwonee mkimbiaji kidogo kuliko kumpa saa asiyostahili, maana siku atakayosimama na wengine, saa ya uongo itamwaibisha mbele za watu. Kila kilomita chora mstari mweupe kwenye jiwe jeusi la pembeni. Utaonekana hata kwenye ukungu.

Kwenye alama, simama sambamba nayo kabisa. Ukisimama hatua mbili mbele, jicho linakudanganya. Bonyeza kifua kinapofika kwenye mstari. Wengi hubonyeza kwa kichwa au kwa mguu, lakini sheria ya riadha inahesabu kiwiliwili. Uwanjani mkitumia bastola, tazama moshi, usingoje mlio: sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye umbali wa mita 100 anausikia karibu theluthi ya sekunde baada ya mbio kuanza. Na saa ya mkono haishushwi kamwe, inapandishwa. Krono ikionyesha 17:42.31, uwanjani unaandika 17:42.4, barabarani unaandika 17:43. Angekuwa wa mita 100 ningekueleza pia kwa nini saa ya mkono haikubaliki kufuzia mashindano makubwa: kidole cha binadamu huchelewa kuanza kuliko kinavyochelewa kusimamisha, na tofauti hiyo hukadiriwa kuwa sekunde 0.24. Kwa mbio ndefu haituumizi sana.

Mstari mmoja wa daftari uwe hivi, nakupa mfano wa kutunga: “Jumamosi, saa 12:10 asubuhi. Km 5, kutoka jiwe la kwanza. Ukungu, lami imelowa, hakuna upepo. 3:41, 3:38, 3:44, 3:40, 3:29. Jumla 18:12.” Chini yake majina na saini za waliopima. Soma namba hizo kama unavyosoma mechi. Kilomita nne za kwanza zinatofautiana kwa sekunde sita tu, maana yake anaujua mwili wake. Ya tano ndiyo ya haraka kuliko zote, hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyempigia makofi. Ukiniletea ukurasa wa namna hiyo, siulizi tena kama ni mzuri. Nauliza mashindano ya karibu ni lini.

Ila usimpime kila siku, na hapa mashabiki wengi hukosea. Mkimbiaji anayefundishwa vizuri huenda polepole siku nyingi za wiki. Ukimwona Jumanne anakwenda dakika tano na nusu kwa kilomita, usiseme ameshuka. Anajenga. Muulize kocha siku ya kasi ni ipi, uende siku hiyo tu, mara moja kwa wiki mbili inatosha. Siku nyingine weka krono mfukoni umsikilize. Simama mahali pasipo na magari, ufunge macho kabla hajafika. Mkimbiaji mzuri miguu yake haipigi lami, inaigusa na kuondoka, na mlio wa mguu wa kulia unafanana na wa kushoto. Akichoka, mlio wa mguu mmoja huwa mzito. Kisha fungua macho, tazama mabega. Yakipanda kuelekea masikioni, kasi ile si yake, anaikopa. Yakibaki chini na mikono ikalegea wakati anarudi, kilomita ya nane au ya tisa, akiwa amelikabili jua linalochomoza, basi ndugu yangu, kilichokugusa kilikuwa zaidi ya bidii. Ulikuwa umeona kipaji, ila ulikosa jina la kukiita.

Ili ujue anakwenda wapi, shika namba mbili. Kufuzu mita 5,000 za wanawake kwenye Olimpiki ya Rio 2016 kulitakiwa 15:24. Paris 2024 ikawa 14:52. Ya kwanza ni chini kidogo ya dakika 3:05 kwa kilomita, ya pili ni chini ya 2:59. Kilomita moja ya 3:05 wasichana wengi wenye mbio wataiweza. Kazi ni kuikimbia mara tano bila kusimama. Kumbuka pia kwamba uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya bahari, sisi wa mjini juu yake kidogo. Hewa yetu ni nyepesi, na kwa mbio ndefu inamnyang’anya mtu sekunde chache kila kilomita. Usimlinganishe moja kwa moja na aliyekimbia Mombasa.

Usidhani njia hiyo haijawahi kupitwa kutoka huku kwetu. Pita Sake, fuata ziwa, utafika Kirotshe. Makorobondo Salukombo, mtoto wa Kivu aliyekulia Marekani, alirudi pale kufundisha vijana kukimbia, na mmoja wao ni Béatrice Kamuchanga. Mwaka 2016 nchi yetu nzima ilipeleka wanamichezo wanne Rio: Rosa Keleku wa taekwondo, David Tshama wa ngumi, Salukombo kwenye marathoni, na Kamuchanga kwenye mita 5,000. Wawili kati ya wanne walitoka kwenye barabara unayopakilia abiria. Kamuchanga hakufika fainali. Lakini mimi nilikuwa mbele ya televisheni na daftari mapajani, nikiandika kila mzunguko wake, na mikono ilinitetemeka mpaka namba nyingine leo nazisoma kwa shida.

Waulize wenzako wa parkingi, ni nani kati yao anayemjua Gary Kikaya? Mzaliwa wa Kinshasa, mita 400. Septemba 2006 huko Stuttgart, Ujerumani, alikimbia sekunde 44.10, akawa Mwafrika mwenye kasi kuliko wote waliowahi kuukimbia mzunguko ule. Rekodi hiyo ya Afrika ilikaa hadi 2014, ilipochukuliwa na Isaac Makwala wa Botswana kwa 44.01. Karibu miaka minane Mkongo ndiye aliyekuwa juu ya bara zima, na sijawahi kuona mtoto wa Goma amevaa jezi yenye jina lake. Kilichomwokoa asisahauliwe kabisa ni kwamba kule Stuttgart kulikuwa na mashine ya kupima, namba ikaandikwa, na haifutiki. Wale wapanda baiskeli watano walioiwakilisha Kongo Mexico City mwaka 1968, mara ya kwanza kwa nchi yetu kwenye Olimpiki, wamebaki majina kwenye karatasi za matokeo. Lakini wamebaki.

Olimpiki hiyo hiyo inanikumbusha jambo ambalo nakuomba ulichukue kwa uzito. John Stephen Akhwari wa Tanzania kila msema Kiswahili anamjua: aliumia kwenye marathoni, akafika wa mwisho, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunamjua kwa sababu kamera ilikuwa bado haijaondoka uwanjani. Ila umewahi kusikia kwamba miaka miwili baadaye, 1970, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikuwa wa tano kwenye marathoni kwa saa 2:15:05? Nimewauliza walimu wa michezo, hawaijui. Tumeshika bandeji, tukaiacha 2:15. Ile 2:15 ndiyo iliyokuwa kazi ya maisha yake. Bandeji ilikuwa ajali ya siku moja.

Nakuomba usimfanyie huyu dada hivyo. Siku utakapomweleza kwa wengine, usianze na viatu vilivyochanika, wala na njaa, wala na vita. Najua ndivyo watu wanavyopenda kuwasikia wanamichezo wetu, na wageni wenye kamera hupenda zaidi. Huruma ikitangulia, mtu hatazamwi tena mbio zake, anatazamwa shida zake, na shida kila mtu anazo. Anza na kilomita ya tano ya 3:29. Anayeelewa atanyamaza mwenyewe. Asiyeelewa, mweleze namba ile ni nini, mpeleke akajaribu kuikimbia mita mia mbili tu kwa kasi hiyo, sekunde 42, kisha mwambie zimebaki nyingine mia nane.

Nimalizie na hao wanaokucheka, maana hutaweza bila wao. Sheria inataka wapima saa watatu. Wakitofautiana wote, inachukuliwa saa ya katikati. Wawili wakiwa sawa, inachukuliwa yao. Wewe ni mmoja. Chagua wawili kutoka parkingi, na mmoja wao awe yule anayecheka kwa sauti kuliko wote. Usimhubirie. Mwambie unahitaji mtu mwenye kidole chepesi kwa dakika ishirini Jumamosi, kabla ya abiria, utamnunulia chai. Mpange kwenye jiwe la mwisho, peke yake na simu yake, mwelekeze kuhusu kifua na mstari, umwache. Mtu aliyebishana na wenzake maisha yake yote kama mpira ulivuka mstari au haukuvuka, ukimpa mstari wake mwenyewe wa kuulinda hatacheza nao. Nimeona wanaume wazima waliokuja kunisindikiza tu wakitetea sehemu ya kumi ya sekunde ya mtoto wasiyemjua jina.

Daftari liwe na kurasa zilizoshonwa, si karatasi za kuchomoa. Kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja uandike juu yake, usifute. Kila ukurasa ukijaa, upige picha, uitume kwa mtu wa Bukavu na mwingine wa Kampala, siku hiyo hiyo, kwa sababu mlima bado uko pale juu. Ukishapata Jumamosi tatu, niletee daftari lenyewe. Na kama dada atapenda, aje naye, na kocha wake, au mama yake.